Outback ya 2010: nikague nini kabla sijalipa?

Swali: Fundi, salamu. Nimeonyeshwa Subaru Outback ya 2010 pale Ngong Road, injini ya 2.5, giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua). Mita inasoma kilomita 98,000 na injini inang'aa kama mpya. Muuzaji ananiharakisha. Nikague nini? Au niongeze pesa nitafute ya 2013? – Mama wa watoto wawili, Utawala

Jibu: Salama, mama. Kinachonitia shaka kwanza ni huko kung'aa. Injini ya gari hilo, EJ25, inajulikana kwa kuvuja kwenye gasketi ya silinda hedi, kile kizibo kati ya hedi na bloku la injini. Silinda zake zimelala ubavu, kwa hiyo oili na kulanti (maji ya kupoza injini) hutuama ukingo wa chini wa gasketi na kutokeza pale hedi inapokutana na bloku. Injini ikioshwa asubuhi, ushahidi umekwenda na maji. Mwambie muuzaji asiioshe tena, iendeshwe siku kadhaa, kisha urudi na fundi wako mwenye tochi. Kinga ya plastiki iliyo chini ya injini itolewe, la sivyo hamtaona kitu.

Siku hiyo fika mapema. Weka kiganja juu ya boneti: kama ni ya moto, uliza imewashwa kwa nini. Gari likiwa baridi, fungua chupa ya akiba ya kulanti. Ukiona utando wa mafuta au tope la kahawia, mshukuru mwenye gari uende zako. Kisha liendeshe kwa kasi kwenye Southern Bypass, urudi ujitie kwenye foleni huku AC inafanya kazi. Fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari, afuatilie kwa digrii kama joto la kulanti linapanda kupita kawaida. Mkirudi, iacheni injini ingurume mtazame ile chupa. Mapovu yanayokuja mfululizo maana yake moshi wa silinda unapenya kwenye maji.

Mita nayo ina maswali yake. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia, kwa hiyo hili lilifika kabla ya 2018. Limekula barabara zetu miaka yote hiyo na bado halijafika laki moja? Inawezekana, lakini omba karatasi ya mnada wa Japani, inaandika kilomita. Hata kama mita ni ya kweli, mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Kama hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Unapobadilisha, weka na pampu ya maji pamoja na rola za mkanda. Kazi ya kufungua ni ileile.

Sasa huko kuvuta magurudumu manne, ambako wanunuzi wengi hawakagui kabisa. Anza na tairi. Zote nne ziwe saizi moja, aina moja, na meno yaliyoisha sawasawa. Hapa Nairobi tumezoea kununua mbili mwezi huu na mbili mwezi ujao, na kwa Subaru hiyo ni hasara: tairi kipara huzunguka mara nyingi kuliko mpya, na klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika hadi inaungua. Nenda uwanja wa lami, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole mbele na nyuma. Gari likijikaza na kurukaruka kana kwamba kuna mtu amekanyaga breki, usilinunue.

CVT isikilize kwenye mwendo mdogo. Gari kutetemeka unapoondoka taratibu, au injini kutaka kuzima unaposimama kwenye taa, ni dalili ya matatizo ya giaboksi. Muuzaji akikuambia oili yake haibadilishwi maisha, usimwamini. Uliza ilibadilishwa lini na kwa oili gani, kwa sababu oili ya giaboksi ya kawaida huiharibu CVT.

Mengine ni ya kupunguziana bei: bushi za mbele, stabilaiza linki, beringi ya gurudumu inayovuma kuanzia kilomita 60 kwa saa, buti za shafti (mipira inayofunika viungo vyake) zilizopasuka zikarusha grisi. Ukisikia harufu ya grisi inayoungua, mara nyingi ni hiyo imedondokea kwenye egzosti.

Kuhusu ya 2013: injini ya 2.5 ilibadilishwa 2012. Hiyo mpya, FB25, inatumia cheni badala ya mkanda, na ile kero ya gasketi imepungua sana. Ningekushauri uongeze pesa ukiweza. Ila baadhi ya hizo za mwanzo hunywa oili. Chomoa kijiti cha oili mwenyewe kabla injini haijawashwa, na kama kiwango kiko chini, muulize muuzaji mara ya mwisho aliongeza lini.