Aliyeniuzia hisa alikuwa amekaa mbele yangu

Vijana wanaoanza biashara ya hisa au foreksi, yaani kununua na kuuza fedha za kigeni, huniuliza swali moja baada ya wiki chache, na huliuliza kwa aibu, kama mtu anayemweleza daktari ugonjwa wa siri: hii faida yangu si ni hasara ya mtu mwingine? Nimewahi kulijibu kwa mzaha, nimewahi kulijibu kwa ukali. Leo wacha nilijibu kwa nafasi.

Mwanzoni mwa 2009 nilikuwa na akiba ya shilingi 30,000. Hisa za kampuni ya simu ya Safaricom, ambazo serikali ya Kenya ilikuwa imewauzia wananchi kwa shilingi 5 mwaka uliotangulia, zilikuwa zimeshuka chini ya shilingi 3. Nikapanda ngazi hadi ofisi ya dalali wa hisa pale mjini, maana lifti ilikuwa mbovu, nikakuta foleni. Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa koti la kijivu, bahasha ya kaki mapajani. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka pembe zake zimelainika kama kitambaa.

"Na wewe umekuja kuuza, kijana wangu?"

"La, mzee, mimi nanunua."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Basi vizuri. Angalau zangu zimepata mwenyewe."

Kabla hajaitwa alikuwa ameshanisimulia yote. Alinunua kwa mkopo wa benki, kama walivyofanya wengi wakati ule. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo kwa mara kadhaa, kwa hiyo akagawiwa sehemu ndogo tu ya alizoomba, huku riba ikianza kutembea juu ya mkopo mzima. Akasema atangoja bei ipande alipe deni. Bei ikateremka. Sasa benki inapiga simu, na binti yake wa kidato cha tatu yuko nyumbani kwa sababu ya karo.

Aliingia, akatia sahihi, akatoka bila kunitazama. Nami nikaketi kwenye kiti kilekile, bado kina joto lake. Mengi ya siku ile nimeyasahau, ila joto la kile kiti sijalisahau.

Sijui kama nilizopata zilikuwa zake. Tangu 2006 soko la hisa la Nairobi linatumia kompyuta kukutanisha anayeuza na anayenunua, wala hawajuani. Huenda zake zilikwenda kwa mtu wa Mombasa, na zangu zikatoka kwa mjane wa Nyeri. Lakini moyoni nilishaamua kwamba ni zake, na bei ilipopita shilingi 40 mwaka 2021 nilimkumbuka yeye kabla sijafurahi. (Nyingi nilikuwa nimeshaziuza zamani, kwa hiyo msinihesabie utajiri.)

Niliyemweleza kwanza ni mama yangu. Mama ameuza vitunguu Marikiti zaidi ya miaka ishirini, na hakunihurumia hata kidogo. "Usingekuwepo wewe na wenzako, huyo mzee angemuuzia nani? Karo ingelipwa na huruma yako?" Akanikumbusha mkulima anayefika na lori saa kumi alfajiri, mzigo umenyeshewa, vitunguu vimeanza kutoa harufu. Mtu huyo, alisema, anatafuta mwenye pesa mkononi. Wa kumsikitikia amewaacha wengi nyumbani.

Ila mama alikuwa na mpaka wake. Kuna madalali waliokuwa wakiyawahi malori njiani, kabla hayajaingia sokoni, na kumwambia mkulima kwamba leo vitunguu vimejaa, bei imekufa, heri auze hapohapo. Ndani ya soko hakuna hata gunia. "Hao," alisema, "wanamvua mtu nguo gizani." Yeye alinunua rahisi alipopata nafasi, lakini hakumdanganya mkulima kuhusu bei ya siku. Nilichukua miaka kumi kuelewa kwamba hapo ndipo jibu la swali lenu lilipo.

Mzee wa bahasha sikumdanganya. Bei ilikuwa wazi kwake kama kwangu. Hasara yake ilikuwa imeshatokea kabla sijapanda zile ngazi, na nilipompa pesa nilichukua pia hatari aliyokuwa ameibeba. Kumbuka kwamba hatari hiyo ni ya kweli. Kuna kampuni nyingine niliyoinunua kwa ujanja uleule wa "imeshuka sana, haiwezi kushuka zaidi". Ikashuka zaidi, kisha hisa zake zikasimamishwa kuuzwa. Aliyeniuzia zile alinusurika kupitia kwangu, na ninaamini hakukosa usingizi hata usiku mmoja.

Tena hisa zina kitu ambacho foreksi haina: kampuni ikifanya kazi na kupata faida, gawio, yaani sehemu ya faida hiyo, linakuja, na wote walioshika hisa wanaweza kula. Si lazima mmoja alie. Kwenye foreksi hakuna gawio. Shilingi unayoipata imetoka mfukoni mwa mtu, na dalali amekata chake kabla haijakufikia. Mara nyingi hata huyo mtu wa upande wa pili ni dalali mwenyewe: ukipoteza, amepata. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilitangaza mwaka 2018 kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo kwenye biashara ya aina hii hupoteza pesa. Hapa kwetu Kenya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, inawaruhusu madalali wenye leseni kumpa mteja uwezo wa kufanya biashara ya hadi mara 400 ya pesa zake. Ukiutumia wote, bei ikisogea robo ya asilimia tu upande usioutaka, mtaji umekwisha. Hiyo ni dakika chache siku yenye habari kubwa.

Je, nilipokuwa nikishinda huko nilimsikitikia aliyeshindwa? Hapana. Sikumwona. Niliona namba ya kijani, nikaenda kulala. Anayekuambia kwamba huombolezea kila faida yake anakutafutia sifa.

Na ikigeuka, hakuna anayekuombolezea wewe. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na mimi, mtu mzima mwenye uzoefu, nikanunua na kuzilalia nikingoja 200. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 nje ili kulipa mkopo uliokuwa ukiiva Juni, hofu ikaisha, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130. Nikiwa kwenye matatu ya Umoja nilimsikia abiria akisema, "Waliolalia dola walie sasa," na gari zima likacheka. Nikacheka nao, ningefanya nini? Labda dola zangu ziliuzwa na mama aliyetumiwa na mwanawe aliye Marekani. Kama ni hivyo, natumaini alimalizia nyumba.

Kilichonitia aibu ni kitu kingine kabisa. Kuanzia 2019 nilikuwa na kundi la WhatsApp la kufundisha foreksi. Mafunzo bure. Ulichotakiwa kufanya ni kufungua akaunti kwa dalali kupitia kiungo changu, na dalali alinilipa kamisheni kwa kila biashara uliyofanya, ushinde au ushindwe. Kwenye kundi alikuwepo kijana wa bodaboda wa Kasarani aliyeniita "mwalimu". Aliweka 20,000 kwa M-Pesa, akazichoma kwa siku nne. Akaweka tena. Mwezi huo karibu kundi lote liliungua, na kila aliyeungua alikuwa akifungua biashara juu ya biashara ili arudishe pesa zake. Kwa hiyo mwezi huo ndio niliolipwa zaidi kuliko yote. Ujumbe wa malipo uliingia nikiwa Kenyatta Market, nyama choma mezani. Niliimaliza nyama, sitawadanganya. Na kundi nililifunga miezi miwili baadaye, wala si siku ile.

Yule mzee nilimpa pesa, akampeleka mtoto shule. Hawa niliwaita kwenye mchezo niliojua wengi wao watashindwa, na nikalipwa kwa kuwaita. Mama angeyajua malori hayo.

Kwa hiyo ukiniuliza, nitakwambia usiikimbie faida kwa sababu kuna aliyepoteza. Nimewahi kufunga biashara nzuri mapema kwa huo unyonge. Hakuna aliyenufaika, hata aliyekuwa akipoteza hakujua. Uliza badala yake kama aliyekuuzia alijua bei kama wewe, na kama wewe ndiye uliyemleta pale. Jirani mwenye shida akija kukuuzia ploti au gari, mwambie kwanza zinauzwaje siku hizi, halafu umwambie wewe una ngapi. Atakasirika kidogo, lakini ataamua macho yakiwa wazi. Na kamisheni inayoingia hata mtu wako akipoteza, usiiguse, hata wakikwambia ni "ya matangazo tu".

Mwaka jana nilipata namba ya yule kijana wa Kasarani kwenye simu yangu ya zamani. Nikamtumia 20,000, bila maelezo marefu, nikaandika tu kwamba ni za zamani. Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu mezani: "Asante sana mwalimu. Hizi naziingiza kesho asubuhi soko la London likifunguliwa."

Nikampigia hapohapo. Hakushika.