Mume wangu ameapa uongo mahakamani. Na mimi nidanganye?

SWALI: Shikamoo wakili. Niko kwenye kesi ya talaka baada ya miaka 14 ya ndoa. Mume wangu amewasilisha hati ya kiapo akisema nyumba mbili tulizojenga ni za mdogo wake, wakati mafundi walikuwa wakilipwa kwa mkono wangu. Kaka yangu ananishauri niseme mume alikuwa akinipiga, na binti yetu wa miaka 11 aje aseme hivyohivyo. Kusema kweli hajawahi kuniinulia mkono. Je, uongo wake una adhabu? Na wangu ukigundulika?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na binti yako, maana hapo ndipo niliposhtuka. Usimwingize. Ataulizwa swali dogo ambalo hamkumfundisha: mlango ulikuwa wazi au umefungwa? Nani alikwambia uje? Akinyamaza na kukutazama wewe, hakimu ameshaelewa. Katika suala la nani akae na watoto, kinachotazamwa ni maslahi ya mtoto, na mzazi aliyemtuma mwanawe kudanganya amejiharibia mwenyewe. Tena kumshawishi mtu atoe ushahidi wa uongo ni kosa la jinai linalojitegemea. Kaka yako naye alisikie hilo.

Sasa mume wako. Kutoa ushahidi wa uongo chini ya kiapo ni jinai, na mashauri ya ndoa hayana msamaha. Hati ya kiapo ina uzito uleule wa maneno ya kizimbani. Kanuni za adhabu za Tanzania na Kenya zinaruhusu kifungo cha hadi miaka 7, sawa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1911. Lakini lazima awe alijua anadanganya, na uongo uguse jambo lenye uzito katika kesi. Akikosea tarehe ya harusi, hilo halimfungi mtu. Akikana nyumba zake wakati mnagawana mali, amegusa kiini chenyewe.

Hata hivyo sitaki uende mahakamani ukisubiri kumwona akitiwa pingu. Hilo hutokea mara chache. Ni kesi nyingine kabisa, inayohitaji kuthibitishwa pasipo kuacha shaka, na katika sheria ya Uingereza na nyingi zilizotokana nayo, neno la shahidi mmoja peke yake halitoshi kumtia mtu hatiani kwa kosa hili.

Adhabu inayouma hutoka ndani ya kesi yenyewe. Huko California, mwanamke mmoja alishinda bahati nasibu ya zaidi ya dola milioni 1.3 mwezi Desemba 1996. Akaficha, akadai talaka mwezi uliofuata, na katika orodha ya mali hakuitaja. Mwaka 1999 barua ya kampuni inayonunua malipo ya bahati nasibu ikaangukia mikononi mwa aliyekuwa mumewe. Jaji akampa mume fedha zote za bahati nasibu hiyo, na mwaka 2001 mahakama ya rufani ikaafiki. Huko Uingereza nako, mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilirudisha shauri la mgawanyo wa mali lisikilizwe upya kwa sababu mume alimficha jaji mipango ya kuuza hisa za kampuni yake.

Kuhusu uongo wako wewe, nina kumbukumbu inayoniuma mpaka leo. Mteja wangu mmoja alitelekezwa kweli na alikuwa na kila risiti ya ada aliyolipa peke yake. Bila kuniambia, akaongeza kipigo, akataja na tarehe. Wakili wa upande wa pili akafungua pasi ya kusafiria ya mume na kuweka kidole juu ya muhuri: siku ile alikuwa nje ya nchi. Hakupaza sauti. Akauliza tu, “Mama, ungependa kusahihisha?” Risiti zilikuwa halali zote, lakini hukumu iliandika kwamba shahidi huyu haaminiki, na kile alichostahili akakipata nusunusu. Nikawaza pia wanawake wanaopigwa kweli, watakaosimama mbele ya hakimu yuleyule.

Kesi yako ipo kwa wale mafundi. Watafute waje waeleze nani aliwalipa. Kusanya ujumbe wa simu, miamala, mkopo kama ulichukua. Jibu hati ya mume kwa kiapo kinzani ndani ya muda uliopangwa, ukitaja aya kwa aya palipo na uongo. Wakili wako aombe amri ya mume kuleta taarifa zake za benki, na shemeji aitwe aulizwe: mwaka nyumba ilipoezekwa, yeye alikuwa na kipato gani?

Na kama hati yako imeshaandikwa habari za kipigo, ifutwe kabla hujatia saini. Kama imeshapokelewa mahakamani, mwambie wakili wako leo hii aombe ruhusa ya kuirekebisha, kabla hujaitwa kizimbani.