Moyo wa mazoezi nimeutafuta, siuoni

*Shangazi, jambo. Nina miaka 47 na watoto wanne. Ninafanya uhasibu kwenye ofisi ya shule moja huko Ibanda, hapa Bukavu, nyumbani ni Kadutu. Kituo cha afya walinipima tansio, yaani presha ya damu, wakakuta 14/9, muuguzi akasema nifanye sipoti. Nikanunua treningi na baskete, nikafuatana na vijana wa futing ya Jumapili asubuhi. Tulishuka mbio mpaka kando ya ziwa, tukapanda. Siku mbili baadaye sikuweza kushuka ngazi za ofisi bila kushika ukuta. Nikaacha. Baada ya miezi miwili nikarudi kwao, yakanipata yale yale. Sasa kila jioni najiambia kesho saa kumi na moja naamka, na kila asubuhi nabaki kitandani. Bwana anacheka. Jirani ananiambia nikikonda watu watasema nina ugonjwa. Nitapata wapi moyo wa kuanza? – Mama wa Kadutu*

Mama, pole sana kwa zile ngazi za ofisi. Nianze nazo, maana humo ndimo lilimo jibu. Wewe unasema huna moyo. Mimi katika barua yako naona mtu aliyenunua viatu, akaamka gizani, akawafuata vijana wa nusu ya umri wake, akaumia, na bado akarudi mara ya pili. Moyo unao. Ulichokosa ni kipimo, na hakuna aliyekueleza kilichokuumiza.

Kilichokuumiza si kupanda. Wengi hudhani ni kupanda kwa sababu ndiko pumzi inakokatika, lakini maumivu yale ya siku mbili baadaye huletwa hasa na kushuka. Ukipanda, misuli ya mapaja hukaza huku ikifupika. Ukishuka, hukaza huku ikivutwa na uzito wako ili usitupwe mbele, yaani inafanya kazi ya breki. Kazi hiyo huchana nyuzi ndogondogo za misuli isiyoizoea. Saa ile hakuna unachohisi. Maumivu huja baadaye, hufika kilele kati ya saa 24 na 72, kisha huisha yenyewe. Sasa wewe ulishuka mbio kutoka Kadutu mpaka ziwani, siku ya kwanza, na miaka 47. Hata kijana asiyezoea angeshika ukuta.

Kuna habari njema ndani ya hayo. Misuli ikionjeshwa mteremko kidogo, safari inayofuata mteremko ule ule huiumiza kidogo sana, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Wewe ulikaa miezi miwili ndipo ukarudi, tena kwa kipimo kile kile kikubwa, kwa hiyo ukaanza upya kabisa. Ndiyo sababu mara ya pili haikuwa nyepesi.

Sasa huo moyo. Unausubiri uje kwanza, ndipo uamke. Kwa watu wengi wa umri wako hauji hivyo. Hamu ya mazoezi huja baada ya wiki kadhaa, pumzi inapoanza kurefuka na usingizi unapokuwa mzito, na kabla ya hapo lazima kitu kingine kikubebe. Kitu hicho ni kazi ndogo kiasi kwamba huna sababu ya kuikataa, iliyofungwa kwenye jambo unalolifanya tayari kila siku. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea desturi mpya. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2010. Kwa wastani zilipita siku 66 ndipo jambo likafanyika bila kujisukuma. Wengine walitumia siku 18, wengine makadirio yalifika 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Shika hilo la mwisho kwa nguvu, maana wanawake wengi wanaoniandikia waliacha kwa sababu walikosa Jumatano moja wakaona yote yamekufa.

Kwa hiyo, Mama, achana na saa kumi na moja. Saa hiyo Bukavu ni giza, si salama kwa mwanamke peke yake barabarani, na mtu wa watoto wanne ana kazi nyingine asubuhi. Mazoezi yako yataanza unapotoka ofisini. Baskete zikae chini ya meza yako ya kazi, zisirudi nyumbani. Ukifunga daftari la mwisho, vaa, toka, tembea. Usiseme nitapita nyumbani kwanza. Ukishavua viatu, ukaona sufuria na madaftari ya watoto, siku imekwisha.

Wiki ya kwanza na ya pili: dakika 10 tu, siku zote tano za kazi, mahali penye mteremko mdogo. Barabara ya Lumumba ina watu na moto (pikipiki) nyingi. Kuelekea Labotte pametulia zaidi. Dakika tano kwenda, tano kurudi, kisha panda usafiri wako kama kawaida. Utaona ni kidogo mno, na siku ya tatu utatamani kuongeza. Usiongeze. Wiki hizi mbili hazijengi mapafu, zinajenga mazoea ya saa ile ile. Anayeongeza siku ya tatu ndiye anayekosekana siku ya nane.

Wiki ya tatu na ya nne: dakika 15, na mara mbili kwa wiki mwambie motari, dereva wa moto, akushushe kabla ya kilima cha mwisho, umalizie kwa miguu. Panda kwa hatua fupi. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako: uweze kusema sentensi nzima, lakini usiweze kuimba. Maneno yakianza kukatika, simama. Usiketi. Simama wima, vuta pumzi mpaka uweze tena kutaja majina ya watoto wako wanne kwa pumzi moja, kisha endelea. Kusimama huko ni sehemu ya zoezi, wala usione haya mbele ya wapita njia.

Wiki ya tano na ya sita: dakika 20, na hapa ndipo mteremko unapoingia, mara moja kwa wiki, dakika tano tu. Magoti yapinde kidogo, yasinyooke kabisa. Hatua fupi, mguu mzima utue chini. Penye mteremko mkali kata njia kwa mshazari, usishuke moja kwa moja. Kukiwa na matope, acha. Wiki inayofuata rudia pale pale, kisha ongeza dakika mbili au tatu kila wiki. Miteremko mingine yote kwa sasa shuka kwa moto bila kujilaumu.

Wiki ya saba na ya nane ufikie dakika 30 kwa siku. Mara tano inakuwa dakika 150, nacho ni kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa watu wazima katika mwongozo wake wa mwaka 2020. Mwongozo huo uliondoa lile sharti la zamani la kutembea angalau dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe. Dakika tatu za kilima chako zinahesabiwa.

Na kilima hicho usikidharau. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walioketi siku nzima waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi wakikata tiketi. Watu wa mji ule ule, kampuni ile ile. Tofauti kubwa ilikuwa ngazi. Wewe ngazi zako umepewa na mji.

Kutembea peke yake hakutoshi, ingawa ndiko kunakosifiwa zaidi. Baada ya miaka 40 misuli hupungua mwaka hadi mwaka isipotumikishwa, na mwanamke anapokaribia ukomo wa hedhi mifupa nayo hupoteza nguvu haraka. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Jumamosi, fanya haya jikoni sombe inapochemka. Nayo huchemka muda wa kutosha. Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani. Keti, simama bila kushika kitu, mara 8. Pumzika dakika moja, rudia 8. Kisha simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa kifua, sogeza kifua kwenye ukuta na ujisukume nyuma, mara 8, mizunguko miwili. Mwisho shika meza, inuka juu ya vidole vya miguu, shuka polepole, mara 12. Kila wiki ongeza moja mpaka 15. Kiti kikishakuwa chepesi, kumbatia bidoni ya lita 5 yenye maji.

Makosa ni mawili. La kwanza, magoti kuelekeana unapoinuka. Yasukume nje yafuate vidole vya miguu, ukikosea hapo ndipo goti linapoanza kuuma. La pili ni kubana pumzi, na kwako wewe ni baya zaidi, kwa sababu kubana pumzi wakati wa kujikaza hupandisha tansio ghafla. Hesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti habani pumzi. Kikwembe juu ya treningi hakizuii lolote katika haya.

Tuje kwa tansio yenyewe. 14/9 ya siku moja haitoshi kusema una ugonjwa. Rudi upimwe siku nyingine mbili. Kaa kimya dakika tano kabla, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, usinywe kahawa nusu saa kabla ya kipimo. Kwa mwenye tansio ya juu, mazoezi ya kutembea yakidumu miezi kadhaa hushusha namba ya juu kwa milimita 5 hadi 8 hivi. 14 yako ni milimita 140, basi unaona hiyo si ndogo. Lakini ukiwa umepewa dawa, usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Ikifika 18 juu au 11 chini, usianze mazoezi mpaka daktari akushughulikie. Na siku yoyote ukisikia kifua kinabana, maumivu yakielekea taya au mkono, kizunguzungu cha kuanguka, au mguu mmoja umevimba na kuuma, acha hapo hapo uende hospitali.

Jirani yako sasa. Anasema neno ambalo wengi wanaliogopa huku kwetu, kwamba mwili ukipungua watu watatafuta ugonjwa. Mjibu kwa ufupi: «Ni daktari alinituma.» Hakuna anayebishana na daktari. Lakini mimi nakuambia pia kwamba hutakonda haraka kwa haya. Nusu saa ya kutembea huunguza karibu nusu ya chupa kubwa ya bia, basi. Kwa hiyo mizani usiifanye hakimu wako, itakuvunja. Jipime kwa kilima. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi panda njia ile ile kutoka chini mpaka mlangoni, andika umetumia dakika ngapi na umesimama mara ngapi. Hiyo namba hushuka mapema, mara nyingi ndani ya mwezi, na ukiiona imeshuka ndipo ile hamu unayoitafuta huanza kujileta.

Bwana usimhubirie, na usimwombe akufuate. Mwombe kitu kimoja kinachoshikika: asiulize chakula kabla ya saa fulani, siku tano za juma. Mwenzako wa kutembea naye mtafute ofisini, mwanamke wa mwendo wako. Vijana wa futing waache na Jumapili yao, hawana kosa, ila mwendo wao si wako. Mtu anayekusubiri mlangoni saa tisa na nusu atakutoa kitini siku ambazo nia imekauka, na hizo zitakuwa nyingi katika mwezi wa kwanza.

Mvua itakusumbua kuanzia Septemba mpaka Mei, hasa mchana na jioni. Amua leo utafanya nini ikinyesha: dakika 10 za kupanda ngazi za ofisi, kwa mwendo wa kusema sentensi, na kushuka ukishika ukuta bila aibu. Ukipata malaria, ngoja homa iishe kabisa na umalize dawa, kisha rudi kwenye dakika za wiki mbili nyuma. Usijaribu kulipa siku ulizokosa kwa kuzirundika Jumamosi moja.

Baada ya miezi mitatu chukua daftari lako la kilima urudi nalo kituo cha afya, upimwe tena tansio asubuhi, kabla ya kutembea, na umwonyeshe muuguzi yule yule.