Eksirei imeonyesha pembe mbili: je, nikubali kupasuliwa?

SWALI: Daktari, mimba zangu mbili zimeharibika. Ripoti ya eksirei ya mirija ya uzazi yasema nina mji wa mimba wenye pembe mbili, nami nimeshauriwa nifanyiwe upasuaji. Je, picha hiyo yatosha? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Pole sana, dada, kwa mimba ulizozipoteza. Picha hiyo haitoshi, nami nakusihi usikubali kisu kwa ushahidi wake peke yake.

Mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mamake, mji wake wa mimba huumbika kutokana na mirija miwili inayoungana, kisha ukuta uliobaki katikati huyeyuka. Mirija isipoungana vyema kwa juu, mji hugawanyika hata kwa nje, na huo ndio wenye pembe mbili. Ikiungana lakini ukuta usiyeyuke, nje huwa mzima na ndani hubaki kiambaza. Kwa eksirei hali hizi mbili hufanana mno, kwa sababu dawa inayotiwa kupitia mlango wa kizazi hujaza uwazi wa ndani tu. Ni kama mtu aliyeingizwa gizani katika nyumba ya mawe ya huko kwenu, akapapasa vyumba viwili: asipotoka kutazama paa, hajui kama ni nyumba moja iliyotiwa kiambaza au ni nyumba mbili zilizopakana.

Kinachohitajika ni ultrasaundi ya ukeni ya pande tatu, au MRI (picha ya mashine ya sumaku), ambazo zote hazitumii mionzi. Hapo tunapima kilele cha mji kwa nje: kikiwa na bonde linalozidi sentimita 1, ni pembe mbili, kikiwa kimejaa, au kimebonyea kidogo tu, huku ukuta ukishuka ndani, ni kiambaza. Kiambaza, ikionekana inafaa, hukatwa kwa kamera inayopitishwa ukeni bila kupasua tumbo, ilhali mji wenye pembe mbili kwa kawaida hauhitaji upasuaji, na anayekata humo akidhani ni kiambaza anaweza kuutoboa.

Ultrasaundi hiyo huonyesha vyema zaidi katika nusu ya pili ya mzunguko, utando wa ndani ukiwa mnene. Basi hesabu siku zako kabla ya kupanda boti kwenda Mokowe, huko bara. Mwombe mpimaji atazame na figo, kwani viungo hivi hujengeka pamoja, na baadhi ya wenye kasoro hizi hukutwa na figo moja. Eksirei yako nenda nayo, maana bado yatueleza kama mirija ya uzazi imefunguka.