Stensili moja, nakala mia nne

Mwenzetu ameuliza kama ni kweli kwamba, kabla ya fotokopi kuenea, karatasi moja iliyopigwa chapa ilitosha kutoa mitihani ya shule nzima. Ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mpiga chapa katika shule moja ya sekondari mjini Tanga, na kila mwisho wa muhula nilikata stensili hadi usiku.

Stensili ilikuwa karatasi nyembamba sana iliyopakwa nta na kushikizwa juu ya karatasi nene ya kuiegemeza. Kabla ya kuanza, niliuondoa utepe wa taipureta njiani ili herufi za chuma zigonge nta moja kwa moja, kisha nikazisafisha herufi hizo kwa brashi na pini, kwa kuwa nta huganda ndani ya a, e na o. Ustadi ulikuwa vidoleni. Ukigonga kwa unyonge, herufi hutokea hafifu; ukigonga kwa nguvu mno, duara la o hukatika lote likadondoka, na kwenye nakala huonekana doa jeusi. Ndiyo maana nukta iliguswa tu, ilhali m na w zilihitaji kugongwa kwa nguvu zaidi. Kosa lilifunikwa kwa dawa yenye harufu kama ya rangi ya kucha, nami nilisubiri ikauke ndipo nikapiga upya juu yake.

Stensili iliyokatwa ilivishwa kwenye silinda yenye wino ya mashine ya kunakili, na kila mpini ulipozungushwa, wino ulipenya kwenye herufi zilizotobolewa ukaingia kwenye karatasi. Wengi waliiita mashine hiyo Gestetner hata ilipokuwa ya kampuni nyingine, kwa jina la David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria aliyeweka kiwanda chake Tottenham, London, mwaka 1906. Kwetu pwani adui mkubwa alikuwa unyevunyevu: karatasi ziligandana, zikapita mbili mbili, na mtahiniwa mmoja akapewa ukurasa mtupu. Tulizipepea rimu nzima kwa mikono kabla ya kuzipakia.

Muhula mmoja niliharakisha mtihani wa hisabati bila kusafisha herufi. Tarakimu 6 ikajaa nta, na 68 ikasomeka 88 kwa karibu nusu ya darasa. Mwalimu alilazimika kukubali majibu mawili, lakini wapo waliopoteza muda mwingi wakitafuta jibu lisilogawanyika sawasawa, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kompyuta ilipofika, yenye programu ya kuandikia ya WordPerfect 5.1 na disketi zake, nilifurahi kwa sababu sasa kosa lilisahihishwa kwenye skrini kabla nta haijaguswa. Hata hivyo, printa yetu ya pini ingechukua muda mrefu mno kuchapa nakala mia nne. Tuliondoa utepe wake, tukapitisha stensili ndani, na pini zikaitoboa nta nukta kwa nukta. Ilikuwa kazi safi kuliko yangu ya mkono, nakiri hilo kwa heshima, ingawa pini moja ikiziba kwa nta, mstari mweupe ulikatiza maneno yote hadi tuisafishe kwa spiriti. Michoro ya biolojia iliendelea kuchorwa kwa kalamu ya chuma kwenye stensili iliyowekwa juu ya kioo.

Stensili za mitihani zilichomwa mbele ya mwalimu wa taaluma, kwa kuwa ukiiinua moja dirishani, kila swali lilisomeka kwenye mwanga. Za fomu za maendeleo ya wanafunzi tulizikausha katikati ya magazeti na kuzitumia tena. Moja ilinifikisha muhula wa tatu kabla haijachanika kwenye kona.