Karanga chotara? Usiuziwe

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nalima karanga Nachingwea, mbegu najiwekea mwenyewe, huu msimu wa tano. Punje zimeanza kuwa ndogo. Muuza mbegu kaniambia karanga hujichavusha, kwa hiyo zimezaa na ndugu zao hadi damu imechoka, ninunue karanga chotara. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Kujichavusha, yaani ua kutunga mbegu kwa chavua (unga wa kiume) yake lenyewe, ni kweli. Hayo ya damu ni maneno ya biashara, na msimu huu nimeyasikia hadi basi.

Alfajiri chuma ua la karanga ambalo ndiyo kwanza linafunguka, ulipasue. Utakuta chavua imeshanata kwenye ncha ya kike. Nyuki akifika, mara nyingi kazi imekwisha. Mchana ua limenyauka.

Hofu yenyewe ina asili. Mwaka 1876 mwanasayansi Charles Darwin alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa mimea mingi iliyozoea chavua ya jirani, ukiilazimisha kujichavusha, uzao wake hudumaa, maana kasoro zilizojificha hukutana. Mahindi ndivyo yalivyo. Lakini ukoo ukijichavusha vizazi na vizazi, wenye kasoro kali hufa mapema, wanabaki wasio nazo. Tabia hii imezuka mara nyingi, katika koo za mimea zilizo mbalimbali kabisa: mwaka wa wadudu haba, anayengoja nyuki hukosa mbegu, anayejichavusha huvuna. Karanga ilishavuka huko zamani. Watu wanabeba sheria ya mahindi wanaibandika kwenye kila zao!

Na hiyo chotara itengenezwe vipi? Mtafiti anayechanganya karanga hukaa jioni na kibano, anang'oa vifuko vya chavua ndani ya ua ambalo halijafunguka, asubuhi anapaka chavua ya aina nyingine. Ua moja, ganda moja, punje mbili hivi. Nani atakujazia gunia?

Kwako nashuku kubwa unauza, chenga unaweka mbegu. Punje ndogo huota dhaifu, na kama shambani aina zimechanganyika, unachagua ile ya punje ndogo kila mwaka. Anza upya na mbegu safi, ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele aina ya Pendo au Mnanje, kisha jiwekee mwenyewe misimu kadhaa ukichagua mashina yenye afya.

Mbaazi, hapo nyuki huchanganya kweli. Ila iwe mbaazi, ufuta au karanga, mfuko usio na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, hata uandikwe chotara kwa wino wa dhahabu, ni wa jikoni.