Jibu: Mahabalipuram kwa siku moja

Ndugu, umeuliza kama siku moja ukitokea Chennai inatosha kuona Mahabalipuram, mji wa pwani wenye mahekalu ya kale ya mawe kusini mwa India. Inatosha, ni kama kilomita 60 tu, ila damka, jua likipanda mawe yanatoa moto. Ratha Tano, yaani mahekalu matano yenye umbo la magari ya kukokotwa, zilichongwa kwenye mwamba mzima karne ya 7, enzi za wafalme wa Pallava. Mafundi walianzia juu kushuka, ndiyo maana baadhi hazikumalizika chini. Hekalu la ufukweni lenyewe limejengwa kwa vipande vya mawe, na upepo wa chumvi umelila sana.

Muda mwingi upe ule mwamba wa Kushuka kwa Ganga, mchongo mkubwa wa hadithi ya mto Ganga. Mtafute paka aliyesimama wima, mikono juu kama mtawa, panya miguuni pake. Kazi ya ajabu! Tiketi ya Ratha Tano ndiyo hiyo hiyo ya hekaluni, usiitupe.